Dhahabu Jikoni, Mtoto Tumboni

Katika kata ya Guta, wilayani Bunda, neno mwalo lina maana mbili. Kwa mvuvi ni ufuko wa Ghuba ya Speke, mitumbwi inapoingia na dagaa. Kwa mchimbaji mdogo, kama wale wa Kinyambwiga, ni pale anapochenjulia dhahabu baada ya mawe kusagwa kwenye karasha. Mialo yote miwili ina njia ya kuelekea jikoni kwa mama. Samaki huenda huko kupikwa. Dhahabu, mara nyingine, huenda huko kuchomwa.

Mchanga mzito uliobaki baada ya kuosha huchanganywa na zebaki ndani ya beseni, aghalabu kwa mikono mitupu. Zebaki huikamata dhahabu, mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, kikabaki kidonge cha rangi ya fedha. Kidonge hicho huwekwa motoni: zebaki huruka, dhahabu hubaki. Kwa nini kichomewe nyumbani? Kwa sababu mwaloni kuna macho mengi, na mali ya mwezi mzima inaweza kwenda katika mfuko wa mtu mwingine. Hofu hiyo ina haki yake. Tatizo ni kwamba mwenye hofu hufunga mlango, na mvuke nao hukosa pa kutokea.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaogopa kuimeza zebaki, ilhali zebaki hii ya majimaji ikimezwa sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Hatari yake kubwa iko katika pumzi. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Hauna harufu, haukeri macho kama moshi wa kuni, kwa hiyo hakuna anayekohoa na kutoka nje. Moto ukizimwa mambo hayajaisha, maana mvuke hutua kwenye masizi ya paa, kwenye nguo, kwenye sakafu, kisha huendelea kufuka kidogo kidogo hata bila moto.

Kwa mjamzito mvuke huo hupita mapafuni, huingia kwenye damu na kuvuka kondo la nyuma. Ukifika kwenye ubongo wa mtoto hubadilika umbo na kunaswa humo, ukashindwa kurudi ulikotoka. Nao ubongo huo ndio kwanza unajengwa. Ini na figo za mtoto hazijakomaa kiasi cha kujitetea. Mama anaweza asihisi lolote. Mtoto akachelewa kukaa, kutembea au kusema, na jirani akatafuta mchawi.

Wajapani waliliona jambo hili katika mji wa Minamata, ambako ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Kiwanda kilikuwa kikimwaga baharini zebaki ya aina nyingine, iliyoingia kwenye samaki. Akina mama wasio na dalili kubwa walijifungua watoto walioathirika vibaya. Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020, na miongoni mwa mambo manne ambayo mkataba unataka yakomeshwe kwa wachimbaji wadogo, moja ni hili hili la kuchomea dhahabu kwenye makazi ya watu.

Hapa Kanda ya Ziwa, watafiti wakiwemo wa chuo kikuu cha afya cha Bugando, Mwanza, wamepima wajawazito zaidi ya 1,000. Waliokuwa wakiishi maeneo ya uchimbaji mdogo walikutwa na zebaki na aseniki nyingi kuliko wenzao wa mbali na migodi. Kabla ya hapo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa Geita walikuwa wakila udongo, na udongo wenyewe ulikuwa na aseniki. Ule ule unaouzwa sokoni kwa jina la pemba. Hamu ya udongo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, kwa hiyo kumkemea mama hakutoshi: apimwe damu na apewe vidonge vya madini ya chuma.



Asije mtu akasoma haya na kuacha samaki. Vipimo vingi vya samaki wa Ziwa Victoria vimekuwa chini ya kikomo cha kimataifa, na dagaa, kwa udogo wao, hawalimbikizi zebaki kama sangara mkubwa. Mjamzito wa Guta ale dagaa wake kwa amani.

Kinachopaswa kutoka nyumbani ni moto wa dhahabu. Kipo chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba, kinachoupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki. Kikitumika vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 90. Kwa mchimbaji hiyo ni fedha, maana zebaki haipatikani bure. Lakini hata chombo hicho kikae mwaloni, mahali pa wazi. Kama tatizo ni wezi, wachimbaji wajenge kibanda cha pamoja chenye mlinzi.

Kliniki hupima damu, malaria, kaswende na VVU. Muuguzi anaweza kuongeza swali moja lisilohitaji kipimo wala bajeti: "Mama, nyumbani kwenu mnachomea dhahabu?" Akijibiwa ndiyo, amwite na baba.