Nani Anamdai Nani? Ujamaa na Uliberali Ndani ya Katiba Mbili Jirani

Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa, isiyo na dini, yenye mfumo wa vyama vingi. Ya kijamaa. Sifa hiyo imebaki mahali pake ingawa Azimio la Zanzibar la 1991 lilishalegeza masharti ya viongozi, mabenki na viwanda vya umma vikabinafsishwa, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza kuuza na kununua hisa mwaka 1998. Ukigeuza kurasa chache mbele, ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na inakataza kumnyang'anya bila fidia inayostahili. Ujamaa na uliberali, ambao ugomvi wao uliigawa dunia karne nzima iliyopita, vimefungwa humo ndani ya jalada moja.

Vijiweni tofauti yao humalizwa haraka: ujamaa ni kugawana umaskini, uliberali ni kila mtu na lwake. Majibu yote mawili yanakosea pale penye uzito. Walioasisi mawazo hayo walikuwa wakitafuta jambo moja, binadamu awe huru asiishi chini ya kiatu cha mwenzake. Walipoachana ni kwenye swali la kiatu hicho ni cha nani.

Kwa mliberali, wa kuogopwa kwanza ni mtawala. John Locke alichapisha maandishi yake juu ya serikali mwaka 1689, muda mfupi baada ya Waingereza kumng'oa Mfalme James wa Pili. Alidai kwamba mtu anazaliwa na haki ya uhai, uhuru na mali, na kwamba serikali huundwa kwa ridhaa ya watu ili kuzilinda haki hizo. Ikizivunja, inakosa uhalali. Kuhusu mali alitoa hoja iliyosafiri mbali: ardhi ni ya wote, lakini anayeifyeka na kuilima anachanganya nguvu zake nayo, na kwa jasho hilo inakuwa yake. Kutoka kwa Locke mawazo hayo yakapita kwa wanamapinduzi wa Ufaransa wa 1789, kwa Adam Smith aliyeandika juu ya biashara mwaka 1776, hadi kwa John Stuart Mill, ambaye mwaka 1859 alitetea haki ya mtu mmoja kusema ambacho umma mzima hautaki kusikia.

Ndiyo maana silaha za mliberali zote zimeelekezwa Ikulu: katiba, mahakama huru, magazeti, uchaguzi, hati ya haki. Anataka kila raia awe na mahali pa kusimama na kuiambia serikali, hapa huvuki.

Lazima isemwe pia kwamba mahali hapo pa kusimama hapakutengwa kwa kila mtu. Locke alikuwa na hisa katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyosafirisha watumwa. Mill alifanya kazi miaka mingi katika Kampuni ya India Mashariki, na katika kitabu chake hichohicho cha uhuru aliwatoa watu wa mataifa aliyoyaona kuwa hayajastaarabika. Mwafrika aliyesoma vitabu hivyo shuleni wakati wa ukoloni alikuwa na kila sababu ya kuuliza uhuru huo ni wa nani.

Swali hilohilo liliulizwa mapema zaidi ndani ya Uingereza yenyewe, kwenye viwanda vya pamba. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1833 Bunge lilitunga sheria ya kukataza viwanda vya nguo kuajiri watoto chini ya miaka 9, na waliozidi umri huo hadi miaka 13 wasifanye kazi zaidi ya saa 48 kwa wiki. Hiyo ndiyo iliyohesabika kuwa nafuu. Hapakuwa na mfalme aliyewalazimisha watoto wale kwenda kiwandani. Kisheria wazazi wao walikuwa huru kukataa, ila njaa haikuwapa nafasi ya kukataa.

Hapo ndipo ujamaa ulipochipukia. Robert Owen alijaribu kiwanda chenye utu huko New Lanark, Scotland. Karl Marx na Friedrich Engels walitoa ilani yao mwaka 1848, na mwaka 1867 Marx akachapisha juzuu ya kwanza ya uchambuzi wake wa mtaji. Hoja ya msingi ni kwamba anayemiliki kiwanda, benki au shamba kubwa anatawala maisha ya asiyenacho kama mfalme, bila kupigiwa kura na bila kuitwa mtawala. Kwa hiyo haitoshi kuifunga serikali mikono; vyanzo vinavyolisha jamii nzima viwe vya jamii. Wajamaa hawakuwa wakizungumzia baiskeli ya mtu wala sufuria zake. Walikuwa wakizungumzia mali ambayo mwenye nayo anaweza kuamua jirani yake ale au alale njaa.

Tanzania ililiandika wazo hilo kwa Kiswahili, na kwa uwazi ambao nchi chache zilithubutu. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, lilizitaja njia kuu za uchumi moja moja: ardhi, misitu, madini, maji, mafuta na umeme, njia za habari, usafirishaji, mabenki, bima, biashara na nchi za nje, biashara ya jumla, viwanda vikubwa, mashamba makubwa. Kesho yake mabenki yakataifishwa. Viongozi wakapigwa marufuku kuwa na mishahara miwili, kumiliki nyumba za kupangisha na kushika hisa katika makampuni. Masharti hayo ya uongozi ndiyo sehemu ya Azimio inayostahili kukumbukwa zaidi, kwa sababu yalianza na waliokuwa juu.

Jambo moja husahaulika. Azimio hilo linaanza na imani ya TANU, chama kilichokuwa kikitawala, na katika imani hiyo, kabla ya kufika kwenye mabenki, inasemwa kwamba binadamu wote ni sawa, kwamba kila mtu anastahili heshima, na kwamba kila raia ana uhuru wa kutoa mawazo, kwenda atakako, kuabudu na kukutana na wenzake, mradi havunji sheria. Mliberali angetia saini ukurasa huo bila kusita. Pengo lilikuwa kwenye utekelezaji: raia aliyenyimwa uhuru huo hakuwa na mahali pa kuudai. Tangu uhuru wa 1961 TANU ilikataa kuingiza hati ya haki kwenye katiba, kwa hoja kwamba nchi changa yenye haraka ya maendeleo isifungwe na majaji. Sheria ya kuweka watu kizuizini ikapita mwaka 1962, na mwaka 1965 chama kikabaki kimoja.

Pengo hilo waliliona wajamaa wenyewe, huko Litowa karibu na Songea. Vijana wa TANU walianza kuishi na kulima pamoja pale miaka ya mwanzo ya uhuru, kwa hiari yao. Kijiji kikavuta vijiji vingine, wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakaendesha shule yao na mashine ya kusaga, na maamuzi yakafanywa kwenye mikutano ya wanakijiji. Mwalimu Julius Nyerere, rais wa nchi, aliwasifu, na waraka wake wa 1967 kuhusu ujamaa vijijini ulijengwa kwa sehemu juu ya walichokuwa wakikifanya. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao, na mali zao zikachukuliwa. Kosa lao lilikuwa kujiamulia mambo bila kupitia kwa viongozi wa chama. Wajamaa waliofanikiwa zaidi nchini hawakuwa na mahakama ya kukimbilia.

Baada ya hapo kilichokuwa cha hiari kikawa amri. Kuanzia 1973 mamilioni ya watu walihamishiwa kwenye vijiji vya maendeleo, wengine kwa malori, wengine nyumba zao zikabomolewa ili wasirudi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na wakulima wakakabidhiwa kwa mamlaka za mazao. Haki inadai itajwe pia faida: Azimio la Musoma la 1974 liliamua kila mtoto apate elimu ya msingi, kisomo cha watu wazima kikafika vijijini, na zahanati zikajengwa mahali ambapo mgonjwa alikuwa akibebwa kwa machela siku nzima. Kizazi kizima kilisoma bila mzazi kuulizwa ana nini mfukoni. Soko huria lisingelifanya hilo kwa Tanzania ile ya miaka ya sabini.

Lakini ilipofika miaka ya themanini, baada ya bei ya mafuta kupanda na Vita vya Kagera, foleni za sukari na sabuni kwenye maduka ya kaya zilikuwa ndefu, na mwaka 1983 serikali ikawageukia waliohesabiwa kuwa wahujumu uchumi kwa sheria iliyowanyima dhamana na wakili. Mwaka uliofuata hati ya haki iliingizwa kwenye katiba, na kuanzia 1988 mahakama zikaanza kuitumia. Uliberali uliingia Tanzania kwa mlango huo kabla Mzee Mwinyi, rais aliyemfuata Nyerere, hajapata jina la Mzee Ruksa kwa kulegeza biashara.

Kesi moja inaonyesha mawazo haya mawili yakigusana. Baba na mwanawe mkoani Arusha walifungua kesi mwaka 1987 na kushinda, wakarudishiwa ardhi waliyokuwa wakiishikilia kimila. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoundwa wakati wa Operesheni Vijiji, ule uhamishaji wa miaka ya sabini, na kuzuia kesi za namna yao. Wakaishtaki serikali. Mwishoni mwa 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatamka kwamba ardhi ya kimila nayo ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na kwamba aliyeitolea jasho anastahili fidia. Vifungu kadhaa vya sheria ile vikabatilishwa. Na mahakama ilimnukuu nani kuunga mkono hoja hiyo? Ilimnukuu Nyerere, maandishi yake ya 1958 kuhusu mali ya taifa, ambamo alieleza kwamba anayefyeka ardhi anaiongezea thamani kwa nguvu zake. Hoja inayofanana mno na ya Locke ikatoka kwenye kalamu ya baba wa ujamaa wa Afrika Mashariki, ikamlinda mkulima dhidi ya matokeo ya vijiji vya ujamaa.

Upande wa kijamaa wa katiba ya Tanzania hauna nguvu kama hiyo. Ibara ya 9 inaitaka serikali ijenge taifa kwa kufuata Ujamaa na Kujitegemea. Ibara ya 11 inazungumzia elimu na msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Lakini ibara ya 7 imeshatangulia kusema kwamba hakuna mahakama itakayotilia nguvu masharti ya sehemu hiyo. Anayenyang'anywa shamba anaweza kwenda kwa jaji. Bibi mzee asiye na msaada hawezi kuitumia ibara ya 11 kumshtaki yeyote. Nchi inayojiita ya kijamaa imeuacha ujamaa wake bila mlinzi.

Kenya ilipita njia nyingine, ingawa waraka wa serikali wa 1965, Namba 10, nao ulijiita wa ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake ulilinda mali binafsi na kuelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, kwa matumaini kwamba faida ingesambaa baadaye. Watanzania wa miaka hiyo waliwaita majirani zao manyang'au. Lakini Kenya ya wakati huo haikuwa ya kiliberali: ilikuwa na soko bila uhuru wa siasa. Oginga Odinga, aliyeona kwamba wakulima maskini wanaachwa nyuma, alijiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 na kuunda chama cha KPU. Mwaka 1969 chama kikapigwa marufuku naye akawekwa kizuizini. Anayedhani ubepari na uliberali ni kitu kimoja aisome miaka hiyo mitatu.

Kisha mwaka 2010 Wakenya wakapitisha katiba ambayo kifungu chake cha 40 kinalinda mali, na cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, makazi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Haki hizo mtu anaweza kuzidai mahakamani. Madai ambayo wajamaa wamekuwa wakiyatoa tangu enzi za viwanda vya pamba yakaandikwa kwa lugha ya kiliberali, yaani kama deni ambalo raia mmoja anaweza kuidai serikali mbele ya jaji.

Deni hilo lilijaribiwa mapema. Novemba 2011 kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, kilibomolewa ingawa mahakama ilikuwa imezuia. Wakazi walishinda Mahakama Kuu mwaka 2013, wakashindwa kwenye rufaa mwaka 2016. Januari 2021 Mahakama ya Upeo ikawarudishia ushindi: ikasema kwamba hata aliyejenga kwenye ardhi ya umma kwa kukosa pengine pa kuishi anaweza kuwa na haki ya makazi, na kwamba mahakama zina uwezo wa kusimamia namna serikali inavyoitekeleza. Kisha ikalirudisha shauri chini, ili ipangwe wakazi wale wapewe nini.