Chumvi na Siki Havishiki Picha

Swali limerudi tena, safari hii na picha ya bibi harusi iliyofifia: "Nimehamishia picha kwenye mfuko wa kitambaa. Niuloweke kwenye chumvi na siki kwa muda gani ili isitoke?" Usiuloweke kabisa. Na kabla hujauliza lolote jingine, sema kile ambacho hakuna anayekisema: picha hiyo ilitoka kwenye printa ya aina gani?

Imani hii imeokotwa kwa watia rangi nguo, tena nusu nusu. Anayetia rangi sufu au hariri huongeza siki kwa sababu baadhi ya rangi hushikana na nyuzi hizo palipo na asidi. Wa pamba huongeza chumvi ili rangi iliyoyeyuka iyaache maji na kuzifuata nyuzi. Hata hapo, kwa rangi nyingi za kisasa za pamba, kinachoifunga rangi ni magadi. Chumvi huisogeza tu. Na yote hayo hufanyika rangi ikiwa bado ndani ya beseni. Picha ya fotokopi haina rangi ya namna hiyo. Tona ni unga wa plastiki wenye rangi, ulioyeyushwa kwa joto ukagandia karatasini. Chumvi na plastiki havina mazungumzo. Loweka wiki nzima, utapata plastiki yenye chumvi.

"Mbona ya jirani ilikaa?" Ilikaa kwa kuwa ilikuwa ya tona, na ingekaa bila siki. Yako ilichapwa kwa wino wa majimaji, na wino wa aina hiyo, hasa ule wa bei nafuu, ukikutana na maji tena huyarudia. Beseni la siki ni maji. Umeifua picha kwa mikono yako mwenyewe, halafu unaniuliza kama siki ilikuwa kidogo.

Waliosoma kidogo hunijia na historia: si waasisi wa upigaji picha walitumia chumvi? Walitumia. Nchini Uingereza, miaka ya 1830, William Henry Fox Talbot aliziosha picha zake kwa maji ya chumvi kali ili fedha iliyosalia karatasini isiendelee kubadilika upesi kwenye mwanga. Ilipunguza kasi, basi. Zile zilizotunzwa kwa njia hiyo hadi leo ni za kufichwa gizani. Dawa ya kweli aliitoa John Herschel, aliyeonyesha mwaka 1839 kwamba sodiamu thaiosalfeti huyeyusha fedha isiyopigwa na mwanga ikaondoka kabisa. Yaani hata pale chumvi ilipokuwa na cha kushika, ilishindwa. Mfuko wako hauna fedha hata chembe.

Palipo na kazi ya siki, tena ndogo, ni kwenye sayanotaipu, ile picha ya buluu aliyoibuni Herschel huyohuyo mwaka 1842. Tone la siki katika maji ya kwanza huhifadhi vivuli vya kati. Halifungi kitu. Buluu ile ni kampaundi ya chuma isiyoyeyuka majini, hivyo osha kwa maji matupu mpaka umanjano uishe. Adui wake ni magadi na sabuni ya unga. Huila mpaka ibaki kivuli cha hudhurungi.

Sasa, mbio mbio, njia za kuhamisha picha. Picha ya tona: igeuze kama kwenye kioo kabla ya kuchapa, ilaze kifudifudi juu ya mbao au kitambaa, pitisha pamba yenye asetoni kidogo mgongoni, kandamiza kwa kijiko, funua. Soma chupa kwanza, maana dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha hazina asetoni. Fanyia nje: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko. Itatoka na mabaka. Msanii Robert Rauschenberg alihamisha picha za magazeti kwa viyeyushi alipochora michoro yake 34 ya utenzi wa Inferno wa Dante, kati ya 1958 na 1960, na mabaka ndiyo tunayoyapenda, kwa hiyo usinilalamikie.

Hutaki harufu? Paka gundi ya akriliki ya wachoraji, bandika picha ya tona, acha hadi kesho, lowesha, sugua karatasi itoke kwa kidole. Una wino wa majimaji tu? Chapa kwenye mgongo unaong'aa wa karatasi ya stika, bonyeza kwenye mbao mara moja bila kuburuta, ikikauka pulizia vanishi. Usipake kwa brashi. Kitambaa, sahau.

Na ile picha ya jelatini yenye rangi, aliyoikamilisha Joseph Swan mwaka 1864, haififii kirahisi na ni nzuri kuliko zote. Lakini njia yake ya kale hutumia potasiamu daikromati, ambayo husababisha saratani. Aliyeuliza kama anaweza kuikorogea kwenye sufuria ya nyumbani: hapana. Wala usiimwage kwenye sinki.