Mofu: Kuupa Uso wa Kidijitali Maumbo Yake

Uso wa mhusika wa kidijitali ni wavu wa maelfu ya nukta, kila moja na mahali pake katika vipimo vitatu. Mofu ni kumbukumbu ya jinsi nukta hizo zinavyohama kutoka umbo la msingi hadi umbo jingine, kama vile kutabasamu, kufumba jicho au kukunja kipaji. Programu haihifadhi uso mzima upya. Huhifadhi tofauti tu: nukta ipi imesogea, upande gani, kwa umbali gani. Kitelezi, yaani kidhibiti cha nguvu ya mofu, kikiwa sufuri uso hutulia. Kikifika moja umbo hukamilika. Pembe ya mdomo iliyopangiwa kusogea milimita 8 husogea 4 kitelezi kinapokuwa katikati. Mofu kadhaa zikitumika pamoja, misogeo yake hujumlishwa.

Mbinu hii ina umri mkubwa. Frederic Parke wa Chuo Kikuu cha Utah alihuisha uso kwa kompyuta mwaka 1972 kwa kupita kutoka umbo moja hadi jingine. Mwaka 1978 Paul Ekman na Wallace Friesen walichapisha mfumo wa kuainisha miondoko ya uso kwa kufuata misuli, na orodha nyingi za mofu bado zinaufuata. Orodha ya Apple, iliyotokana na simu ya iPhone X ya mwaka 2017, ina maumbo 52. Ni orodha nzuri, ila haikutungwa kwa ajili ya uso wa mtu wa Maua huko Meru au wa Runyenjes huko Embu.

Mfano ulio wazi ni shavu. Mtafunaji wa miraa huko Igembe, kama mwenzake wa muguka huko Mbeere, hukusanya donge upande mmoja wa mdomo na kukaa nalo kwa saa nyingi. Katika orodha ya Apple, umbo la kuvimbisha mashavu ni moja tu, na huyavimbisha yote mawili. Hata likigawanywa nusu bado halifai, kwa sababu shavu lililojaa hewa hutanuka sawasawa na kuibana midomo, ilhali donge hukaa chini, karibu na magego, likaivuta ngozi mahali pamoja huku midomo ikiwa imelegea. Umbo hili lazima lichongwe upya, na picha za watu wanaotafuna, za mbele na za ubavuni, zikiwa mezani.

Kazi huanza na nakala ya kichwa kilichotulia. Nakala hiyo husukumwa na kuvutwa kwa brashi ya kuchongea mpaka umbo lipatikane, kisha huunganishwa na kichwa cha asili. Sharti moja halivunjwi: nukta zisiongezwe, zisipunguzwe, wala mpangilio wake usibadilishwe. Programu huioanisha nukta ya 1,500 ya nakala na ya 1,500 ya asili; hesabu ikivurugika, uso hukunjamana ovyo. Kwa hiyo mizunguko ya kutosha ya nukta huwekwa kuzunguka macho na mdomo kabla ya mofu ya kwanza. Blender, ambayo ni programu huria tangu 2002 na haina malipo, inatosha kabisa kwa kazi hii.

Nukta za mofu husafiri kwa mstari ulionyooka, na hapo ndipo matatizo mengi huzaliwa. Kope inayofumba hukata ndani ya jicho badala ya kuteleza juu yake, hivyo huongezewa umbo la kati linalofanya kazi kitelezi kikiwa nusu. Kujumlisha nako kuna hasara zake: tabasamu na taya lililofunguka, kila kimoja kizuri peke yake, vikikutana huzivuta pembe za mdomo kupita kiasi. Dawa yake ni mofu ya kusahihisha, ambayo nguvu yake ni zao la vitelezi viwili, ili ionekane pale tu vyote viwili vinapotumika. Mtafunaji wa miraa huihitaji pia, la sivyo donge lake hubaki limeganda taya likipanda na kushuka.

Maumbo ya usemi yanastahili subira zaidi. Kiswahili kina irabu tano. Kimeru na Kiembu zina saba, zikiwemo ĩ na ũ. Mdomo wa ĩ uko kati ya i na e, wa ũ kati ya u na o. Kwa mhusika anayeonekana kwa mbali, kuchanganya mofu mbili jirani kunatosha. Uso ukijaza skrini, kila irabu ipewe mofu yake. Kiembu huhitaji pia umbo la v, sauti inayotokea katika maneno mengi ambayo Kigĩkũyũ hutamka h. Kwa h midomo haina kazi, lakini kwa v ina kazi. Mhusika aliyeandaliwa kwa lugha moja akipewa sauti ya nyingine, mtazamaji wa Embu huiona kasoro hata asipoweza kuitaja.

Zipo mofu zinazombadilisha mtu mwenyewe, kama za uzee au za ndewe zilizovutwa za wazee wa zamani wa Meru na Embu. Zikitumika, tabasamu lililochongwa juu ya uso wa kijana huweza kukaa vibaya, kwa hiyo michanganyiko hiyo hujaribiwa mapema. Kuning'inia kwa ndewe kichwa kinapogeuka huachiwa mifupa ya kidijitali inayoisogeza modeli, kwa sababu mofu haijui uzito.

Majaribio hufanywa kwa mazungumzo halisi, kama yale ya Muuga FM kwa Kimeru au Wimwaro FM kwa Kiembu, huku kila mofu ikitazamwa kwa nusu na kwa ukamilifu. Mwisho huja suala la ukubwa. Mofu ya nukta 10,000, yenye namba tatu za baiti nne kwa kila nukta, huchukua takriban kilobaiti 120. Mofu 52 hukaribia megabaiti 6.2. Kwa mchezo wa simu huo ni mzigo, hivyo nukta zisizosogea huondolewa kwenye kumbukumbu ya kila mofu, na mofu ya shavu moja hubaki na sehemu ndogo tu ya ukubwa wake.