Daraja Kati ya Karani na Fundi wa Picha

Nyinyi mlio madarasani Igoma, Nyakato na Ilemela, nanyi mlio Ukerewe na Sengerema, fungueni madaftari yenu. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno moja tu: KUHARIRI.

Neno hili mmekwisha kulisikia katika habari za magazeti. Mhariri ni mtu apokeaye maandishi ya watu, akayasoma, akaondoa yasiyofaa na kuyapanga yaliyobaki. Kazi kama hiyo hufanywa pia kwa picha za video. Ukialikwa harusi utamwona mpiga picha amesimama na kamera yake tangu bibi harusi anaposhuka garini mpaka watu wanapokwenda zao usiku. Amepiga picha za muda wa saa tano. Lakini ile utakayoonyeshwa baadaye sebuleni ni ya dakika arobaini. Zile saa nyingine zimekwenda wapi? Zimekatwa. Kuhariri video, basi, ni kufanya mambo matatu: kuchagua, kukata na kuunga.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mkasi hasa. Picha za sinema zilikuwa katika utepe mrefu, na fundi aliukata utepe huo na kuunga vipande kwa gundi. Hapa kwetu jambo hili si geni. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kituo pale Vugiri, katika milima ya Usambara, kilichotengeneza sinema za kufundishia watu wazima, kisha zikachukuliwa kwa lori na kuonyeshwa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Nimeyataja haya ili mjue kwamba kumfundisha mtu mzima kwa picha zilizokatwa na kuungwa ni jambo la siku nyingi.

Siku hizi mkasi umo ndani ya kompyuta, au ndani ya simu. Programu ya kuhariri humwonyesha fundi mstari mrefu, na picha zote zimelala juu ya mstari huo kama dagaa juu ya kichanja. Fundi huweka alama hapa, huweka alama pale, na kipande cha katikati hutoka.

Lakini kazi ni kubwa bado. Tufanye hesabu. Video nyingi hupigwa picha 25 kila sekunde moja. Dakika moja ina sekunde 60, kwa hiyo 25 mara 60 ni picha 1,500. Saa moja ina dakika 60, kwa hiyo ni picha 90,000. Zile saa tano za harusi ni picha 450,000. Fundi hana budi kuzipitia hizo, akitafuta mahali babu aliposema neno jema, na kuondoa mahali MC alipokuwa akihangaika na kipaza sauti. Ndiyo maana watu hungoja video yao kwa majuma, na ugomvi huzuka.

Sasa amekuja msaidizi mpya. Jina lake ni akili mnemba. Huyu si mtu, wala hana roho. Ni programu iliyofundishwa kwa maandishi mengi mno, hata ikaweza kusoma maneno yako na kukujibu. Mfikirie kama karani aliyesoma sana, akaketi ofisini mbali, lakini hana mikono. Ukimwuliza namna ya kukata video, atakueleza vizuri. Kukata mwenyewe hawezi. Na ile programu ya kuhariri ni fundi mwenye mikono na zana zote, lakini hajui kusoma barua yako. Mmoja ana maneno, mwingine ana mkasi, na katikati yao pana maji.

Nyinyi wa Sengerema mnayafahamu maji hayo. Mpaka mwaka 2025, mtu aliyetoka Mwanza kwenda Busisi kwa gari alishuka Kigongo akangoja kivuko. Kivuko kikiwa ng'ambo, utangoja. Mwezi Juni mwaka huo daraja lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na gari sasa linapita bila kusimama. Basi kati ya karani na fundi wetu nako pamejengwa daraja. Mwezi Novemba mwaka 2024 kampuni moja ya Marekani, Anthropic, ilitangaza utaratibu uitwao Model Context Protocol, kwa kifupi MCP. Utaratibu huu unasema namna karani atakavyoandika agizo, na namna programu nyingine itakavyolipokea na kulijibu. Kabla ya hapo kila fundi alihitaji mtumbwi wake mwenyewe wa kumfikia karani. Sasa wengi hupita katika daraja moja, hata makampuni mengine yanayoshindana na hiyo.

Tutazame kazi inavyokwenda. Umepiga video. Kwanza, programu moja husikiliza sauti iliyomo na kuigeuza kuwa maandishi, na kando ya kila sentensi huandika wakati wake: dakika ya 2, sekunde ya 14. Kisha karani huyasoma maandishi hayo. Wewe wamwambia kwa maneno ya kawaida: "Ondoa kila mahali ambapo hakuna mtu anayesema kwa muda wa zaidi ya sekunde 2." Karani huandika maagizo: kata kuanzia hapa mpaka hapa. Maagizo hupita darajani. Fundi hukata, kisha hurudisha jibu kwamba amekata. Si programu zote zinazokubali kuamriwa hivi, lakini zipo, kama DaVinci Resolve itumiwayo na mafundi wengi wa video, na FFmpeg, ambayo haiuzwi.

Yapo mambo mawili hapa ya kushika sana. Jambo la kwanza ni jema: picha yenyewe haikatwi kweli. Programu nyingi za kuhariri huiacha video ya asili kama ilivyo, na huandika tu orodha ya mahali pa kuruka. Ukikosea, warudi nyuma. Jambo la pili si jema sana. Karani anayefanya kazi hivi mara nyingi haoni uso wa mtu. Anasoma maandishi. Kama maandishi yana kosa, yeye hajui.

Na makosa yapo, hasa kwetu. Mitambo ya kugeuza sauti kuwa maandishi ilifunzwa zaidi kwa Kiingereza. Kiswahili inakifahamu kwa kiasi, na Kisukuma kwa shida. Tena lugha yetu huficha mambo makubwa katika silabi ndogo. Tazama: "Dagaa waanikwe chini." "Dagaa wasianikwe chini." Tofauti ni "si" tu. Sikio la mtambo likiikosa "si" hiyo, mafundisho yamegeuka.

Nitawaeleza lililotupata sisi wenyewe. Tulipiga video ya somo la kuanika dagaa, katika mwalo mmoja. Bibi mmoja, mwanikaji wa miaka mingi, alitueleza kazi yake kwa dakika 11. Tulitaka dakika 3. Tukamwagiza karani apunguze, aondoe ukimya na maneno yasiyoeleweka. Kazi ilikwisha kabla chai haijapoa, nasi tukafurahi mno.

Bibi alikuwa amesema hivi: "Mimi dagaa naanika mchangani, ndivyo mama yangu alivyonifundisha." Hapo akanyamaza, akafukuza kuku. Kisha akaendelea, Kiswahili na Kisukuma vikiwa vimechanganyika, kwamba hayo yalikuwa ya zamani. Mchanga uliingia katika dagaa, wanunuzi wakakataa, naye sasa huanika juu ya kichanja. Mwisho akasema: "Wateja wangu wanatoka mbali." Mtambo haukuelewa maneno ya katikati, ukaandika vitu visivyo na maana. Karani akavitoa, kama tulivyomwagiza. Likabaki la kwanza likaunganishwa na la mwisho: naanika mchangani, na wateja wangu wanatoka mbali.

Sisi tuliitazama mara mbili na hatukuona kosa. Nasema haya kwa aibu. Tulikuwa na desturi ya kumwonyesha mtu picha yake kabla ya kuitoa, basi tukampelekea. Alitazama kwenye simu ya mjukuu wake, majirani wamemzunguka. Hakupiga kelele. Akaniambia, "Mwanangu, ukiipeleka hii Kirumba, nani atanunua dagaa wangu?"

Kwa kuwa video ya asili ilikuwapo, tulirudisha sehemu ile kwa muda mfupi. Lakini neno lake sijalisahau. Sauti ilikuwa yake, uso ulikuwa wake, kila neno alilitamka mwenyewe. Hakuna kilichobuniwa. Uongo uliingia mahali pa mkato.

Wala msidhani mashine ndiyo iliyoleta hatari hii. Watu wa Mwanza wanaijua. Mwaka 2004 ilitoka filamu iitwayo Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper wa Austria, iliyopigwa hapa Mwanza. Ndani yake mna sangara, viwanda vya minofu, ndege za mizigo, watoto wa mitaani, na mapanki yakianikwa. Kadhalika mna maneno kuhusu silaha kuletwa na ndege. Ilisifiwa sana Ulaya, ikapata tuzo. Hapa iliwaudhi wengi. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, na watu wakaandamana katika mji huu. Wengine waliitetea, wakisema umaskini ule haukubuniwa. Mimi sitaki kuamua ugomvi huo leo. Nataka mwone tu kwamba ukiweka picha ya ndege kando ya maneno ya bunduki, mtazamaji huziunganisha mwenyewe, hata kama picha ya bunduki hakuiona. Nayo ile ilikatwa na wanadamu, kwa miezi mingi. Karani wetu hukata kwa dakika chache.

Basi ukitaka kumtumia karani huyu, au kijana wako akitaka kumtumia dukani, yafaa afanye hivi. Asimfungulie kompyuta nzima, kwa maana mwenye ruhusa ya kuhamisha mafaili aweza pia kuyafuta. Ampe folda moja yenye nakala. Asome maandishi ya mtambo huku akisikiliza sauti, tena asimame kila penye "si", "ha" na "hapana". Aulize kwanza kama mwenye sauti anakubali maneno yake yasafiri kwenye mitambo ya mbali. Na video iliyokwisha aitazame aliyemo ndani yake. Ama habari ya bando, si kubwa kama watu wanavyodhani: mtambo wa maandishi ukiwa ndani ya kompyuta yako, kinachovuka kwenda kwa karani ni maneno na maagizo tu, wala si video nzima.

Sasa kazi ya darasa. Kila mmoja achukue ukanda wa karatasi aandike sentensi tano juu ya kazi yake mwenyewe, uvuvi, pamba, duka au mama lishe. Mpe jirani yako mkasi. Akate sentensi moja tu, aunge zilizobaki, kisha asome kwa sauti mbele ya darasa. Aliyeandika ndiye atakayesema kama huyo aliyesomwa ni yeye. Mwalimu asiseme neno mpaka wote wamalize.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.