Bahati Ndani ya Mwamba



Katika machimbo ya Geita na Kahama neno bahati halikauki midomoni. Maduara mawili huchimbwa bega kwa bega. Hili likatoa dhahabu, lile mawe matupu. Aliyepata husifiwa kuwa ana nyota, na aliyekosa hukimbilia kwa mpiga ramli. Basi tujiulize: je, katika maumbile limo jambo litokealo bila sababu, au bahati ni jina tulilolipa upungufu wa elimu yetu?

Kwa dhahabu jibu ni wazi. Maji ya moto yenye madini yalipenya nyufa za miamba zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita, yakaiacha humo. Mshipa ulikuwapo kabla hajazaliwa mchimbaji wala babu yake. Aliyekosa hakukosa nyota, alikosa habari. Wapo waiitao bahati almasi ya Mwadui, aliyoigundua mjiolojia John Williamson mwaka 1940. Wanasahau kwamba aliitafuta kwa miaka.

Lakini tusiharakishe. Ndani ya matale ya nchi hiyohiyo mna urani kidogo. Katika miaka milioni 4,500 nusu ya atomu zake hugeuka, mwishowe zikawa risasi. Ila ni atomu ipi itakayogeuka leo, hakuna mwanasayansi awezaye kusema. Einstein hakuridhika, akaona lazima iwepo sababu iliyofichika. Majaribio yaliyowapatia wataalamu 3 Tuzo ya Nobel mwaka 2022 yameonyesha kwamba chembe hazibebi siri ya namna aliyoidhania. Wapo bado watafutao kanuni ya ndani zaidi. Sisi twaamini kwamba lisilojulikana kwa viumbe halifichiki kwa Muumba. Na ajabu ni kwamba atomu hizo, zikiwa nyingi, huwa saa ya kupimia umri wa miamba.

Jibu lolote liwalo, mpiga ramli hapati kitu. Mshipa hausogei kwa hirizi, wala atomu haiharakishwi kwa kafara. Twayasema haya kwa uchungu, maana uongo huu umeua. Tangu miaka ya 2007 na 2008 ndugu zetu wenye ualbino waliuawa Kanda ya Ziwa ili viungo vyao vilete utajiri. Septemba 2009 mahakama mjini Kahama iliwahukumu kifo watu 3 waliomuua mvulana mmoja. Na Qurani, katika Sura ya 5, ilikwisha kukataza kupiga ramli kwa mishale.

Mwenye duara na apeleke mawe yake kwa mjiolojia yapimwe. Akiambiwa hamna kitu, hiyo nayo ni habari.