Redio Isiyotaka Betri: Kuiunda na Kuitafutia Kasoro

Wasikilizaji wetu, leo nitasema nanyi juu ya redio ndogo isiyotaka betri wala umeme wa ukutani. Nguvu yake yote huitwaa katika mawimbi ya stesheni yenyewe. Vitu vyake ni vichache: eriali na waya wa ardhi, koili, kapasita ya kuzungusha, dayodi, na visikilizio vya masikioni. Kuviunganisha kwa kufuata picha ni kazi ya saa moja. Lakini inaponyamaza, picha haisaidii tena. Hapo humfaa yule tu ajuaye kila kitu kinafanya kazi gani.

Kabla ya kununua waya, yafaa ujue jambo moja. Redio hii husikia mawimbi ya kati, yaani yale yanayotikisika tangu kilohezi 531 hata 1602. Kilohezi moja ni mitikisiko 1,000 kwa sekunde. Stesheni za FM haizisikii. Tena katika nchi nyingi stesheni za mawimbi ya kati zimefungwa. Basi azima kwanza redio ya kawaida, utafute kama mahali pako pana stesheni ya namna hiyo isikikayo kwa nguvu mchana. Kama haipo, hapana ufundi utakaoifanya redio hii iseme.

KAZI YA KILA KITU

Mawimbi ya stesheni nyingi huifikia eriali kwa wakati mmoja. Kazi ya koili na kapasita ni kuchagua moja. Fikiri mtoto aliye katika bembea. Ukimsukuma kwa kufuata mwendo wa bembea, hata kwa kidole, atapanda juu. Ukimsukuma ovyo, hatapanda. Koili na kapasita pia zina mwendo wake, na wimbi lenye mwendo uo huo hukua, mengine hufifia. Unapoizungusha kapasita unaubadili mwendo huo.

Chukua kopo la plastiki au la karatasi ngumu, lenye kipenyo cha sentimita 7 na nusu. Usitumie la bati, kwa maana bati huinyonya nguvu ya wimbi. Lizungushie waya wa shaba uliopakwa vanishi, unene nusu milimita, mara 50, mizunguko ikigusana. Kila ufikapo mzunguko wa 10, acha kitanzi kidogo cha kufungia nyaya nyingine. Koili hii ina mikrohenri 240 hivi. Ikiwa kapasita yako ni ya pikofaradi 365, ukizifunga sahani zake zote utapata kilohezi 540 hivi.

Sasa angalia hesabu hii. Ukitaka mitikisiko iwe mara 3, kapasita haina budi kupungua mara 9, si mara 3. Hivyo kilohezi 1,600 hupatikana panapobaki pikofaradi 40 tu. Waya wa eriali wa mita 20 au 30 waweza kuleta pikofaradi zake 200. Ukiufunga juu kabisa ya koili, stesheni za mwisho hutazipata kamwe. Ufunge katika kitanzi cha kwanza, kilicho karibu na upande wa ardhi.

Dayodi ni mlango wa njia moja. Wimbi huenda mbele na nyuma sawasawa, na kisikilizio hakiwezi kuufuata mwendo wa upesi namna hiyo. Dayodi huzuia upande mmoja, na kinachobaki hupanda na kushuka pamoja na sauti ya msemaji. Mwaka 1874 Ferdinand Braun wa Ujerumani aliona kwamba mawe mengine ya madini hupitisha umeme upande mmoja kuliko wa pili. Mwaka 1904 Jagadish Chandra Bose wa Bara Hindi alipata hataza ya kifaa cha namna hiyo, chenye jiwe la galena. Siku hizi twatumia dayodi ya gerimani, ambayo hufunguka kwa volti 0.2 au 0.3. Ile ya silikoni hungoja kama volti 0.6, na mara nyingi wimbi halifiki huko. Redio hubaki kimya ingawa kila kitu ni kizima.

Visikilizio viwe vya omu 2,000 au zaidi. Vile vya simu vina omu chache mno, havifai vikifungwa hivi hivi. Kama una kisikilizio cha kristali, unganisha ncha zake mbili kwa kizuizi cha omu 47,000, kwa kuwa chenyewe hakiachi umeme upite moja kwa moja.

Kuunganisha ni hivi: ncha ya chini ya koili huenda ardhini. Kapasita hufungwa katika ncha mbili za koili. Dayodi hutoka ncha ya juu, huenda kwenye kisikilizio. Na waya wa pili wa kisikilizio hurudi ardhini.

KUTAFUTA KASORO

Redio inaponyamaza, wengi hubadili vitu vitatu kwa mara moja. Ikisema, hawajui kipi kilikuwa kibovu. Isiposema, huenda wameongeza kasoro nyingine. Badili kitu kimoja tu, kisha sikiliza. Anza sikioni, uende hata eriali. Chombo chako ni betri moja ya tochi, ya volti 1.5.

1. Fungua visikilizio, uguse betri kwa ncha zake. Usiposikia mlio mdogo, waya umekatika.

2. Iweke dayodi kati ya betri na visikilizio, kisha igeuze. Upande mmoja utalia sana, wa pili kidogo au usilie. Ikilia sawa pande zote, imeharibika.

3. Pima koili vivyo hivyo. Isipolia, tazama ncha zake. Vanishi haipitishi umeme; hapana budi kuikwangua mpaka shaba ing'ae. Kasoro hii ndiyo itokeayo mara nyingi kuliko zote.

4. Fungua kapasita, uipime huku ukiizungusha. Hapa kimya ndicho kizuri. Ikikwaruza, sahani zinagusana, zinyoshe polepole.

5. Mwisho, tazama ardhi na eriali. Fimbo ya chuma katika udongo mkavu haifai kitu; ipigilie penye unyevu, na wakati wa kiangazi umwagie maji.

Ikiwa wasikia stesheni mbili pamoja, hapana kilichovunjika. Visikilizio vinanyonya nguvu nyingi, kama mtu ashikaye miguu ya mtoto katika bembea, wala koili haiwezi kuchagua vema. Hamisha dayodi kutoka ncha ya juu uifunge katika kitanzi cha 30 au cha 20. Sauti yaweza kupungua kidogo, lakini stesheni zitaachana.

HATARI

Usipitishe eriali juu ya nyaya za umeme wala karibu nazo, kwa maana waya ukianguka juu yake, huua. Mawingu ya mvua yanapokusanyika, iondoe eriali katika redio, uiunganishe na waya wa ardhi nje ya nyumba, wala usisikilize mpaka radi imekwisha.

Walimu na wanafunzi, wekeni daftari karibu na redio. Andikeni mlichobadili na mlichosikia, hata kama hamkusikia kitu. Redio kubwa za dukani nazo zina vitu vya kuchagua wimbi na vya kutoa sauti, ingawa vimefichwa ndani. Aliyejifunza kuitafuta kasoro ya hii ndogo kwa utaratibu, ataifungua ile kubwa bila kubahatisha. Kwaherini.