Mbolea Bila Kipimo Huidhoofisha Ardhi

Ulinzi wa taifa hauishii kwenye bunduki na mpaka. Wananchi wa Bwera wanalijua jambo hilo vizuri, kwani mwezi Novemba 1996 waasi wa ADF waliposhambulia Mpondwe, wakulima wengi wa milimani waliyakimbia mashamba yao. Majeshi ya ulinzi yalipowasukuma waasi, wakulima hao walirejea makwao. Ardhi waliyoirudia ndiyo hiyo hiyo, hawana nyingine.

Wilaya ya Kasese imebanwa. Upande wa tambarare ipo Mbuga ya Queen Elizabeth, na upande wa juu ipo Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991. Kwa hiyo, mkulima ambaye shamba lake limechoka hawezi kuhama na kufyeka msitu mpya kama walivyofanya mababu. Hana budi kuirudishia ardhi kile ambacho mavuno yameichukulia, na ndiyo sababu mbolea ya chumvichumvi imekuwa tegemeo la wengi.

Mbolea hiyo si adui. Kwa wastani, Uganda ni miongoni mwa nchi zinazotumia mbolea kidogo sana. Hatari iko katika kuitumia kwa wingi bila kujua hali ya udongo. Mbolea nyingi zinazouzwa madukani, kama DAP na yurea, zina amonia au huigeuka zikiwa shambani. Vijidudu vya udongoni huibadilisha amonia hiyo kuwa naitreti, na katika mabadiliko hayo tindikali hutolewa. Miaka ikipita, tindikali hulimbikizana. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini huanza kuyeyuka na kuidhuru mizizi, na fosforasi hunaswa udongoni isiweze kufyonzwa na mmea. Hapo mkulima huongeza gunia jingine akidhani mbolea haikutosha, kumbe anazidisha maradhi.

Hayo yamekwisha tokea kwa majirani. Nchini Kenya, katika mashamba ya mahindi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia, matumizi ya DAP mwaka baada ya mwaka yalichangia kuufanya udongo uwe na tindikali, na wakulima wakashauriwa kubadili mbolea na kutia chokaa.

Kasese ina kinga karibu. Mawe ya chokaa yanapatikana Hima, na chokaa ya kilimo ndiyo dawa ya tindikali. Lakini dawa hutanguliwa na kipimo. Sampuli ya udongo yaweza kupelekwa katika maabara ya utafiti wa kilimo ya Kawanda, ili ijulikane ni chokaa kiasi gani na mbolea ya aina gani inahitajika. Kadhalika, samadi, mboji na majani ya maharage huwalisha vijidudu vinavyoupa udongo uhai, jambo ambalo chumvichumvi peke yake haiwezi. Na juu ya miteremko ya Rwenzori, bila makinga maji na nyasi za kushika udongo, mvua moja kubwa huisomba mbolea pamoja na udongo wenyewe hadi mto Nyamwamba, na fedha ya mkulima ikaishia katika Ziwa George.

Mwezi Mei 2024, viongozi wa Afrika waliokutana Nairobi waliazimia kuongeza mara tatu uzalishaji na usambazaji wa mbolea barani ifikapo mwaka 2034, na papo hapo kuirudishia afya asilimia 30 ya ardhi iliyochakaa. Maazimio hayo mawili hayatenganishiki.

Askari na polisi wengi hutuma sehemu ya mshahara nyumbani kununulia mbolea, na siku ya kustaafu shamba ndilo litakalowapokea. Askari hufundishwa asifyatue risasi kabla hajaiona shabaha. Basi na gunia la mbolea lisifunguliwe kabla udongo haujapimwa.